Kiduha katika Shamba la Mhoja

Mhoja na mkewe Evelina waliishi karibu na Bujora. Walilima mtama na pamba, na walikuwa na watoto wanne. Majirani walisema nyumba ile haina kelele.

Mwaka 1995 Evelina alianza kutokwa na damu kila alipolala na mumewe. Alikwenda kupimwa katika hospitali kubwa mjini Mwanza. Jibu lake lilipelekwa kwenye zahanati ya kijijini. Zahanati hiyo ilifunguliwa baada ya Serikali kuruhusu zahanati za watu binafsi.

Mganga wa zahanati hiyo aliitwa Nestory. Alikuwa kijana, msomi, mwenye haraka. Siku ile wagonjwa walikuwa wengi na mlango ulikuwa wazi. Alimsomea Evelina jibu kwa sauti.

"Mama, una dalili za mwanzo za saratani ya shingo ya kizazi. Inaletwa na kirusi kinachoitwa papiloma. Kinapatikana kwa kulala na mwanamume. Jumatatu ijayo urudi hospitali ukatibiwe. Anayefuata."

Mhoja alikuwa ameketi kwenye benchi nje. Alisikia yote, na wenzake wa benchi walisikia pia. Alimpakia mkewe kwenye baiskeli, akaendesha hadi nyumbani.

"Mtaje," alisema walipofika.

"Nimtaje nani, baba Antoni?"

"Aliyekupa. Usipomtaja, Jumatatu huendi popote."

Evelina hakuwa na mtu wa kumtaja. Alikwenda kwa jirani yake Selina, muuguzi wa zahanati ile, akamweleza.

Kesho yake Selina aliketi mbele ya meza ya Nestory.

"Mganga, ugonjwa wa Evelina unatibika. Lakini maneno yako yamemfungia njia."

"Nilisema kweli, Mama Selina."

"Ulisema robo yake. Haya, leo mimi ndiye Mhoja. Nani kamwambukiza mke wangu?"

"Virusi hivi huambukizwa kwa..."

"Nimeshakwenda kuchukua fimbo. Anza tena."

Nestory alicheka kwa aibu. Alianza tena, akakwama. Alianza tena. Mara ya nne Selina alisema, "Hapo fimbo nimeiweka chini. Twende."

Walimkuta Mhoja akipalilia mtama.

"Shikamoo, mzee," Nestory alisema.

"Marahaba. Umekuja kunisomea barua nyingine?"

"Nimekuja kuomba radhi. Nilisema mambo ya nyumba yako mbele za watu, tena nikayasema nusu. Naomba niyamalize, mama naye akiwepo."

Evelina aliitwa. Wakaketi wote ukingoni mwa shamba.

"Kirusi hiki ni cha kawaida," Nestory alisema. "Watu wengi waliooa na kuolewa hukutana nacho. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa wachache hukaa kimya miaka kumi, hata ishirini, ndipo huharibu shingo ya kizazi."

"Nani alikileta?"

"Hakuna kipimo cha kujua. Huenda kilikuja nawe, huenda kilikuja naye, kabla hamjaoana. Kuugua leo si ushahidi wa uzinzi."

Mhoja aling'oa gugu lenye maua ya zambarau.

"Hiki ni kiduha," alisema. "Hunyonya mtama kwenye mizizi. Nililima hapa miaka saba bila kukiona, halafu kikaota. Mbegu ilikuwa ardhini. Sijui nani aliiangusha."

"Ulimfukuza nani?" Selina aliuliza.

"Nilichukua jembe." Mhoja akamgeukia mkewe. "Mama Antoni, nisamehe. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

"Nimekusikia," Evelina alisema. "Ila baiskeli uitie upepo. Juzi nilirushwa kama gunia la pamba."

Madaktari waliondoa sehemu iliyoharibika kabla saratani haijaenea. Evelina alipona, na kila alipoitwa kupimwa tena alikwenda. Selina naye aliwaambia wanawake wenzake, "Ukiona damu baada ya kulala na mume, au baada ya hedhi kukoma, usingoje. Na hata usipoona kitu, uliza kuhusu kupimwa."

Mavuno yalipokwisha, Mhoja alifika zahanati na rafiki yake Kashindye, pamoja na mke wa Kashindye, ambaye naye alikuwa amepata jibu kama la Evelina. Alimwinamia Nestory sikioni.

"Waeleze kama ulivyonieleza. Ukikwama, anza na kiduha."

Mhoja akatoka. Nestory alisimama, akafunga mlango kwanza, ndipo akawakaribisha viti.