Kisima cha Mheshimiwa Ilko

Tangu Chama cha Wakulima kilipompeleka Ilko Zazulak katika bunge la jimbo la Alberta, nchini Kanada, nyumba yake haikukaukiwa na wageni. Mmoja alitaka daraja, mwingine mwalimu. Wengi walitaka kuonekana wakizungumza na mbunge. Mkewe, Paraska, aliwapa supu ya bitiruti, mkate, na maji ya kisimani. Kwa heshima yao Ilko alichimba choo kipya mlimani, juu kidogo ya kisima, mahali pasipotuama maji. Majirani wakakisifu, wakamwiga.

Theluji ilipoyeyuka, binti yao Yevdokha alishikwa na homa isiyoshuka. Kisha jirani yao, Mzee Prokip, akaugua, akafa. Nyumba nyingine mbili zikawa na wagonjwa.

Muuguzi wa wilaya, Bi Thorsen, alimpima mtoto, kisha akatoka kutazama kisima.

"Mama Yevdokha, maji haya mnayachemsha?"

"Ya chai, ndiyo. Ya kunywa tunachota tu. Ni meupe kama machozi, dada."

"Weupe si usafi. Hii ni homa ya matumbo. Mgonjwa, hata mtu anayeonekana mzima, huacha vijidudu chooni. Theluji ikiyeyuka, maji huvishusha kisimani. Fungeni kisima hiki. Choo kiwe chini ya kisima, mbali nacho. Maji ya kunywa yatokote. Mikono ioshwe kwa sabuni mtu atokapo chooni, na kabla ya kushika chakula."

Alipoondoka, Ilko alisema, "Mkutano wa kuteua mgombea ni Jumamosi. Semko Burak, anayekitaka kiti changu, akilisikia hili, nimekwisha. Tukifukie kisima kimyakimya."

"Na waliokunywa?" aliuliza Paraska. "Wanalaumu jicho baya, na vyoo vyao viko juu ya visima kama chetu. Prokip nilimtekea maji kwa mkono huu, Ilko."

Jumamosi Ilko alisimama mbele ya wakulima wenzake. "Maji yaliyomuua Prokip yalitoka kwangu," alisema.

"Miaka yote tunamwomba daraja," Semko alipaza sauti, "yeye katuletea kuhara!"

Wachache walicheka. Mjane wa Prokip hakucheka.

"Choo changu nacho kiko juu ya kisima," alisema. "Nifanyeje, baba?"

Ilko alimweleza yote aliyoyasema muuguzi. Walimsikiliza kuliko walivyowahi kumsikiliza kuhusu bei ya ngano. Kisha wakapiga kura, wakamteua Semko.

Yevdokha alipona polepole. Nywele zake zilinyonyoka, zikaota upya. Kiangazi chote watu walihamisha vyoo. Hata Semko, ambaye alishinda uchaguzi na sasa alikuwa mheshimiwa mwenye wageni wake, alifika uani akiwa ameshika kofia.

"Kaka Ilko, njoo unionyeshe pa kuchimba."

"Mbunge hajui mteremko?"

"Nyumbani nina watoto, kaka. Usinitanie."

Ilko alichukua koleo, akamfuata. Theluji ya mwaka uliofuata iliyeyuka kama kawaida yake, na makaburini hapakuchimbwa kaburi la homa.