Kiapo cha Huguette

Kila Jumamosi, akishamaliza kufua sare yake ya shule na kuianika, Huguette huteremka ngazi za jengo lao katika mtaa wa Albert Park na kwenda mjini, kwenye saluni ya mama yake. Kazi yake ni kumtenganishia nywele za kusukia. Jumamosi hiyo alizivurugavuruga mpaka mama yake, Mama Henriette, akamnyang'anya na kumuuliza kilichomsibu.

Kwaya ya watoto kanisani ilikuwa imechagua kamati ya watu kumi na watatu. Kundi la Huguette lilipata viti sita. Wapiga ngoma, watoto wa Kirundi wanaoongozwa na Estella, walipata vitano, na kundi dogo la Jeancy viwili. Ili kuchagua nyimbo za sikukuu ya watoto vilihitajika viti saba. Huguette alitaka jambo moja tu: uimbwe wimbo ambao marehemu bibi yake alipenda kuuimba kule kwao Uvira, walikotoka kabla ya kuhamia huku.

Lakini kabla ya kura alikuwa ameapa mbele ya kwaya nzima, mkono juu, kwamba hataungana na wapiga ngoma katika kamati. Krismasi iliyopita walimkatiza alipokuwa akiimba peke yake, na hasira zake zilikuwa bado za moto.

"Sasa umebaki na nani?" aliuliza Mama Henriette.

"Iko Jeancy tu, Mama. Anataka awe mwenyekiti, achague kitambaa cha sare, tena wimbo wa Bibi usiimbwe. Na viti iko navyo viwili tu, eish."

Mama Henriette alicheka mpaka kitana kikamponyoka.

"Hizo nguvu umempa wewe, mwanangu. Anajua umeapa na huna pengine pa kwenda. Kwa nini asiombe yote?"

Huguette alinuna, na akinuna mashavu yake huumuka kama maandazi. Hata hivyo, jioni alimtafuta Estella, akamkuta ameketi kwenye ngazi za jengo lao. Alimuuliza bila kuzunguka kwa nini walimkatiza.

"Ulinyamaza katikati ya ubeti wa pili," Estella alisema. "Tuliona umesahau maneno. Tukapiga ngoma ili watu wasikucheke."

Huguette aliona aibu. Ni kweli alikuwa amesahau, wala hakuwahi kumwambia mtu. Akaomba radhi. Estella naye hakudai makubwa. Alitaka ngoma zisikike katika nyimbo mbili tu, na wimbo wa Bibi ukiwa mmojawapo angefurahi.

Kesho yake Huguette alisimama palepale alipoapia, akasema alikosea kuapa na sasa ataungana na wapiga ngoma, na akakiri kwamba siku ile alisahau maneno. Sauti ilimtetemeka, maskini, lakini alimaliza. Jeancy kusikia hivyo, madai yake yakapungua kabla hata ibada haijaanza: kitambaa tu kingemtosha. Kwa kuwa kijana huyo anajua kweli kuchagua vitambaa, walimpa, na makundi yote matatu yakaungana.

Siku ya sikukuu, Huguette aliimba wimbo wa Bibi. Alipofika ubeti wa pili, maneno yakampotea tena. Ngoma ya Estella ikaanza kulia taratibu, ikaendelea mpaka yakamrudia. Mama Henriette, kwenye benchi la tatu, alilia bila kujificha.

Walipokuwa wakirudi nyumbani alimshika binti yake mkono.

"Kumkataa mtu kunaruhusiwa," alimwambia. "Lakini msikilize kwanza, halafu ujiulize utabaki na nani, na huyo atakuomba nini. Ungeng'ang'ania kiapo chako, leo nisingesikia wimbo wa mama yangu."