Jibu Tupu

Foleni ya kantini ilikuwa imefika mlangoni, na njaa ilimfanya mwandishi aseme ovyo. Alivaa gauni la rangi ya machungwa na hereni ndefu zilizocheza kila alipotikisa kichwa, na mchana ule alikitikisa sana. Alikuwa amepewa kazi ya kuandika maelekezo ya zana mpya ya kampuni. Mawakala wa akili mnemba, zile programu zinazowafanyia watu kazi zenyewe, wangeitumia kutafuta API, yaani mlango wa kubisha wanapotaka kitu kutoka kwa programu nyingine.

"Sikia huyu bwana alichoandika," alimwambia mwenzake, macho kwenye simu. "'Zana hii hutafuta.' Basi, kamaliza. Inatafuta nini, mchumba?"

"API," sauti ilisema nyuma yake. "Ila na mchumba naweza kumwongeza."

Aligeuka. Kijana mrefu, shati la buluu limekunjwa mikono, kashika sinia na anajizuia kucheka. Ndiye fundi aliyeitengeneza zana yenyewe. Mwandishi alitamani ardhi ipasuke, lakini kijana alikuwa na macho mazuri, kwa hiyo akaahirisha.

Wakaanza kukaa meza moja.

"Mtu akikwama ataenda kumwuliza wa meza ya pili," mwandishi alimfundisha. "Wakala hana wa kumwuliza. Ana haya maneno yetu tu. Mwambie zana aitumie lini, na asiitumie lini."

"Na wewe nikutumie lini?"

"Mimi situmiwi. Mimi huombwa."

Fundi akaomba namba ya simu, akapewa. Wakawa wanapigiana simu kila jioni, mwandishi akiwa jikoni na simu kaibana kwa bega, fundi akimwuliza umefika, mpenzi, umekula, mbona unacheka. Alikuwa na furaha mpaka watu wa nyumbani wakaanza kumtazama. Ndipo mama yake akasema huyo anayekuchekesha hivyo mlete Jumamosi tumwone.

Alimwandikia fundi ujumbe: "Mama anataka kukuona Jumamosi. Utakuja?"

Ujumbe ulisomwa. Jibu halikuja, wala usiku, wala kesho yake. Kazini fundi aliongea mambo ya kazi tu, akimkwepa macho na kutoka kila mara na simu sikioni. Mwandishi akahamishia kompyuta yake dirishani.

"Mama, usipike," alisema kwenye simu.

"Kwani amekataa?"

"Hajasema kitu."

"Basi hajakataa."

"Mama, mtu akinyamaza si ndiyo ameshajibu?" Alikata simu kabla sauti haijamsaliti. Moyoni alikuwa ameshaandika hadithi nzima, na ndani yake kulikuwa na mwanamke mwingine, tena mrembo.

Ijumaa wakafanya jaribio mbele ya meneja na ofisi nzima. Wakala aliagizwa atafute API ya kubadilisha anwani ya mteja. Akaiuliza zana. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzito, zana ikarudisha jibu tupu. Wakala hakusita. Alitunga API yake mwenyewe, akaipa jina zuri, akaanza kubisha mlango usiokuwepo. Ofisi ikaangua kicheko.

"Wakala wenu mwongo," meneja alisema.

"Si mwongo," mwandishi alijibu, akisimama. "Zana ikikosa kitu, inarudisha tupu. Ikichelewa kukipata, inarudisha tupu vilevile. Atajuaje? Anajaza mwenyewe."

Alipokwisha kusema hivyo alihisi masikio yakimwaka moto. Fundi alikuwa anamtazama, kwa mara ya kwanza tangu ule ujumbe.

"Ulitaka iseme nini?" fundi aliuliza taratibu.

"Kama hakuna, iseme hakuna. Kama bado inatafuta, iseme bado natafuta, nisubiri. Ni kazi kubwa hiyo?"

"Bado natafuta," alisema fundi.

"Nini?"

"Shangazi yangu. Ndiye aliyenilea. Yuko safarini, simu yake haipatikani. Sikutaka kuja kwenu peke yangu kama mtu aliyekuja kuazima ngazi. Nikasema nitakujibu nikishampata."

"Chai ya mama inahitaji shangazi?"

"Sikuwa nakuja kwa chai."

Meneja aliegemea mbele kusikiliza. Na simu ya fundi, iliyokuwa mezani, ikaanza kulia. Aliipokea kwa haraka, akabonyeza spika kwa bahati mbaya.

"Wewe mtoto, simu zote hizi za nini? Nimeshuka kwenye gari sasa hivi. Kuna msiba?"

"Hapana, shangazi. Kesho nataka unisindikize, nikapose."

"Eh. Amekubali huyo binti?"

Fundi alimtazama mwandishi. Shati lilikuwa limemlowa mgongoni. "Sijamwuliza, shangazi. Ndiyo namwuliza."

Mwandishi alifungua mdomo na maneno yakamkimbia, yeye ambaye maneno ndiyo kazi yake.

"Haloo?" shangazi aliita. "Mbona kimya? Amekataa?"

Mwandishi akamnyang'anya fundi simu. "Shikamoo, shangazi. Sijakataa. Nimekubali."

Wenzao waliposhangilia, mwandishi hakuwasikia vizuri, kwa sababu mkono wa fundi ulikuwa umeshika wake. Kwa mkono uliobaki alitafuta simu yake, akapiga nyumbani.

"Mama," alisema. "Pika. Wanakuja wawili."