Mama Sentimita na Mashine ya Presha

Mke wangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Mama Sentimita, kwa sababu utepe wake wa kupimia hautoki shingoni, na kwa sababu hana mchezo na vipimo. Mteja akivuta tumbo ndani ili kiuno kionekane chembamba, yeye huacha kupima na kusubiri. "Pumua kwanza," humwambia. "Nguo utaivaa pamoja na hilo tumbo. Hutaliacha nyumbani."

Mimi nilikuwa dereva wa lori. Nilipostaafu nikashika jiko. Yeye hushona sebuleni, mimi hupika, na tunapiga soga kupitia mlango ulio wazi. Ni maisha mazuri, sitaki kudanganya.

Mwaka jana macho yake yalianza kumsumbua. Kwanza alilalamikia taa, kisha akalalamikia uzi. Siku alipounga mkono wa kushoto wa blauzi upande wa kulia, aliketi akalia. Hospitalini tuliambiwa ni mtoto wa jicho, yaani ukungu ndani ya jicho, na kwamba upasuaji mfupi ungeuondoa. Tulifurahi sana. Ndipo muuguzi akampima presha: 186 kwa 108.

"Mama, kwa presha hii hatuwezi kukupasua," daktari alisema. "Tuishushe kwanza."

Mke wangu alibisha. Kichwa hakimuumi, hana kizunguzungu, presha ya wapi? Daktari akamweleza kwamba presha kubwa mara nyingi haina dalili. Inaharibu moyo, figo na mishipa ya ubongo kimyakimya, na mtu anajiona mzima. Akamwandikia dawa ya kumeza kila siku. Akatuunganisha pia na mshauri wa lishe anayefuatilia wagonjwa kwa simu. Tulitakiwa kununua mashine ndogo ya kupimia, kisha kumtumia namba pamoja na picha za sahani zetu.

Mshauri huyo hatujamwona hadi leo. Tunaijua sauti yake tu, sauti ya binti mpole asiye na haraka. Siku ya kwanza aliniuliza mimi, mpishi, pakiti ya chumvi ya nusu kilo inakaa muda gani.

"Wiki tatu," nilijibu kwa fahari.

"Mnaila watu wangapi, baba?"

"Wawili."

Akasema hiyo ni nyingi mno. Nikamwambia kwamba sisi ni watu wazima, tumekula chumvi nyingi. Akacheka, kisha akarudi kwenye kazi yake. Alisema mtu mmoja asizidishe kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, na humo ihesabiwe iliyomo kwenye mkate, kwenye viungo vya pakiti na kwenye karanga za chumvi. Nilihesabu kwa vidole, nikaona aibu.

Nikaanza upya. Chumvi naipima kwa kijiko, siimwagi tena kwa mkono. Ladha naitafuta kwenye ndimu, kitunguu saumu na tangawizi. Viungo vya pakiti nilivitupa. Mboga na maharage viliongezeka kwenye sahani. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa kama cha mgonjwa, nakiri, lakini ulimi ulizoea. Mke wangu naye, ambaye hukaa kitini kutwa, alianza kutembea nusu saa kila jioni.

Na namba zikashuka. Alituma 138, akatuma 135, akatuma 132. Mshauri akampongeza, na hospitali ikampangia siku ya upasuaji.

Tulifika mapema, amevaa gauni jipya. Muuguzi akampima: 176 kwa 102. Akampumzisha, akampima tena. Ilikuwa ileile. Upasuaji ukaahirishwa, tukarudi nyumbani.

Mchana ule mshauri alipiga simu. Hakugomba. "Mama, mimi hapa nina 132. Hospitalini leo ni 176. Nisaidie kuelewa."

Mke wangu akasema labda mashine ya hospitali ni mbovu. Akasema labda ni woga. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimemwona akipima mara sita mfululizo, na kuandika namba ndogo kuliko zote. Nilinyamaza kwa kuwa nampenda, na huo ulikuwa ujinga wangu.

"Mke wangu," nikasema, "umevuta tumbo."

Alinitazama kwa macho yake yenye ukungu.

"Ndiyo, binti," aliiambia simu. "Nimevuta tumbo. Nilikuwa nalitaka jicho langu."

Ilibidi amweleze habari ya wateja wake. Mshauri alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba angeziona namba za kweli tangu wiki ya pili, angemwarifu daktari, na dawa ingebadilishwa mapema. "Sina macho ya kukuona huko, mama. Nakuona kwa unachonitumia."

Akamfundisha kupima upya. Akojoe kwanza. Asinywe kahawa wala chai nusu saa kabla. Akae kitini dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Asiongee. Apime mara mbili, dakika moja ikipita katikati, na atume zote mbili zilivyo, nzuri au mbaya. Mke wangu alisema hiyo lugha anaielewa. Siku hiyohiyo alifungua droo ya cherehani na kunikabidhi karanga za chumvi ambazo picha hazikuwahi kuzionyesha.

Daktari alibadilisha dawa. Namba zilizofuata zilikuwa 168, kisha 171, kisha 159. Alizituma zote, nyingine akiwa amekunja uso. Ilichukua wiki kumi kufika 134 kwa 82, na safari hii hospitali nayo ilipata karibu hivyohivyo. Jicho likapasuliwa.

Kesho yake walimwondolea bandeji. Alinitazama muda mrefu, hata nikaona haya.

"Mvi zote hizi zimeota lini?"

"Muda mrefu."

"Na umechoka hivi. Mzee, wewe presha umepimwa lini?"

Nilimwambia mimi ni mzima, sina ninachoumwa. Tulipofika nyumbani alivuta kiti, akanikalisha, akanifunga mkanda wa mashine mkononi, akanikataza kuongea. Mara ya kwanza ilisoma 154 kwa 96. Mara ya pili, 156 kwa 95.

Nikaomba ya tatu. Nikamwambia kiti hakikukaa vizuri.

Alikuwa ameshachukua simu. Alizituma zote mbili, kisha akaja kuketi kando yangu, akanishika mkono.