Nta Kati ya Matabaka

Mguu wa bandia ulibanduka asubuhi uwanjani, mkimbiaji akaanguka na kuvunjika mkono. Saa nne mpelelezi alikuwa karakanani ameushika mguu huo, hajui aanzie wapi. Haukukatwa wala kupigwa. Matabaka yake yalikuwa yameachana tu, kama maganda ya kitunguu.

"Nguvu iko kwenye nyuzi za kioo," fundi alieleza huku akijikuna. "Gundi inazishikamanisha. Vikiachana, huna mguu, una takataka."

"Basi gundi yako mbovu."

"Afande, utanifunga bure! Gusa hapo kati."

Akagusa. Palikuwa na utelezi.

"Nta," fundi alisema. "Hiyo naipaka kwenye kalibu ninayoutengenezea mguu, usigandie humo. Kila mteja namweleza. Katikati ya matabaka siwezi kuipaka, labda niwe nimerukwa na akili."

"Mbona unajikuna?"

"Nyuzi hizo. Ukizishika bila glavu, utajikuna siku mbili tatu."

Juzi, mkimbiaji alipokuja kupimwa, kazi ikiwa nusu, fundi alikwenda kula akaacha mlango wazi. Mpelelezi akamfikiria mshindani wa mkimbiaji, kumbe huyo alikuwa safarini wiki nzima. Kichwa kikazidi kumzunguka.

Alasiri alimkuta mkimbiaji nyumbani, kwenye kiti cha magurudumu, mkono umefungwa plasta. Wiki ijayo alikuwa aende kambi ya mazoezi, mbali. Dada yake mkubwa, aliyemlea na kumsukuma kitini tangu utotoni, alileta chai.

"Juzi ulimsindikiza karakanani?" mpelelezi alimuuliza.

"Nilimsindikiza. Ila nilibaki nje, sikugusa kitu."

Akaweka sinia, akajikuna kiganja, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Dada," mpelelezi alisema taratibu, "nta uliipaka kwa mkono mtupu."

Dada alitazama mkono wake kana kwamba si wake. "Nilidhani mguu utabanduka huko huko kwa fundi, aseme kazi haiwezekani. Sikutaka mdogo wangu aumie, wallahi. Angeondoka, mimi ningebaki nafanya nini? Sijui kazi nyingine."

Mkimbiaji alilia kwa hasira. "Mpeleke, afande! Nakuja kutoa maelezo sasa hivi."

Akasukuma gurudumu kwa mkono wake mmoja mzima. Kiti kikazunguka pale pale. Akajaribu tena, kikazunguka tena.

Dada akafuta machozi, akaenda nyuma ya kiti, akashika mishikio. Mkimbiaji hakumkataza. Mpelelezi akawafungulia mlango, pingu zikiwa bado mkononi, haelewi azifunge saa ngapi.