Mto wa Mimba

Siku Kachero alipomwacha Fundi na kwenda kulala miguuni pa wifi yake, hakuna aliyeshtuka ila Fundi mwenyewe.

Kachero alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililokunjika, na mtaa mzima ulimjua kwa kazi moja: kunusa mimba. Usicheke. Alianza na mwalimu wa chekechea. Wiki nzima alimfuata mpaka mlangoni pa darasa, akakaa hapo, akambwekea hata mumewe alipokuja kumchukua. Mwalimu akalalamika kwamba mbwa ana kichaa, na mwezi uliofuata akaja kwa Fundi kuomba magauni yake yaachiwe kiunoni. Akafuata muuza mboga. Kisha mke wa kinyozi, aliyekuwa ameapa mbele ya watu kwamba uzazi ameshastaafu. Wanawake wakawa wanataniana, "Kachero akikulalia mapajani, dada, anza kununua nepi."

Fundi alicheka nao. Miaka tisa ya ndoa alicheka nao, kisha akiingia ndani humwita Kachero, akamshika kichwa kwa mikono miwili na kukiweka tumboni kwake. Mbwa alimlamba vidole kwa adabu, akaondoa kichwa. Fundi alimlea kwa maziwa ya chupa tangu hajafumbua macho, na bado mbwa hakuwahi kumdanganya hata mara moja.

Sasa wifi, dada mdogo wa mumewe, alikuwa na miezi sita tu tangu aolewe. Bwana wake alipata kazi ya mkataba mbali, naye akaja kukaa na kaka yake mpaka mkataba uishe. Msichana mzuri, mcheshi, hana neno na mtu. Hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi, kwamba hakupata hata sababu ya kumchukia.

"Wifi, pasi yako inanuka nini leo?" msichana aliuliza asubuhi moja, amejiziba pua.

"Pasi ni ileile."

Saa nne akalala fofofo juu ya rundo la vitambaa. Mchana akalia kwa sababu kikombe kimevunjika, kikombe ambacho hata hakikuwa chake. Fundi aliyaona yote akajitia hamnazo, mpaka Kachero alipoinuka chini ya cherehani, mahali alipolala maisha yake yote, akavuka chumba, akaweka kichwa tumboni mwa wifi na kufumba macho.

"He! Wifi, mbwa wako ana nini na mimi?"

"Huna habari?" Fundi alitabasamu kwa midomo tu. "Hongera, mdogo wangu."

Tangu hapo Kachero hakumwona Fundi tena. Wifi akienda bafuni, analinda mlango. Wifi akikaa, anakaa. Fundi akimwita, anageuza sikio lile lililokunjika, basi. Mume wa Fundi, mchomeleaji wa mageti, akacheka akila, "Afadhali tuna mbwa mwenye shukrani, anajua nani analeta faida nyumbani." Aliongea kwa mzaha. Fundi akainuka na sahani yake, akaenda kula jikoni peke yake.

Katika chumba cha mbele, chumba cha kazi, kulikuwa na cherehani ya miguu, kioo kirefu, na sanamu ya kupimia nguo waliyoiita Dada Mkimya. Mteja mwenye mimba akileta kitambaa, Fundi humfunga Dada Mkimya mto tumboni ili gauni likatwe kwa tumbo litakalokuja, si lililopo. Mto wenyewe alipewa na Bibi Sindano, mwanamke aliyemfundisha ushonaji. Ulijazwa mabaki ya nguo za wajawazito, na kila mteja mpya akaongezewa kipande chake. Siku ya kumkabidhi, Bibi Sindano alisema jambo moja tu: "Mto huu haufungwi kwenye mwili wa mtu. Hata kwa mchezo." Hakusema kwa nini, na mwanafunzi hakuuliza. Kila ufundi una miiko yake.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limewafungia watu wote ndani, wifi yuko kliniki. Asubuhi Fundi alikuwa amempima kiuno. Kimeongezeka sentimita tatu. Aliandika ile namba kwenye daftari la vipimo, akaikazia kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akafunga mlango, akamvua Dada Mkimya mto, akajifunga mwenyewe chini ya gauni, akasimama mbele ya kioo.

Akageuka upande. Akaweka mkono kiunoni, kama wanavyofanya wao. Mungu wangu, ulivyomkaa!

"Kwa nini yeye?" aliuliza kioo. "Miezi sita! Mimi nina miaka tisa. Nyumba ni yangu, mbwa ni wangu, na hii nayo ingekuwa yangu. Mnyang'anyeni yeye, mniletee mimi."

Nyuma yake gurudumu la cherehani lilizunguka mara moja, taratibu, bila mguu wa mtu. Ikasikika harufu ya kitambaa kinachoungua kwa pasi, na pasi ilikuwa kabatini, baridi. Fundi akaharakisha kufungua kamba za mto, akakuta fundo ambalo hakulifunga yeye. Ilibidi alikate kwa mkasi.

Alipofungua mlango, Kachero alikuwa amesimama kizingitini, manyoya ya mgongoni yamesimama. Akaingia akitambaa, tumbo linaburuta sakafuni, akafika, akaweka kichwa tumboni mwa Fundi. Fundi alikaa chini akalia kwa furaha. Hakujali kwamba mbwa alikuwa anatetemeka.

Siku tatu aliishi peponi. Kachero hakubanduka kwake. Kweli, hakula, na alipolala alilia kama mtoto wa mbwa, lakini nani ana haja ya kuhoji bahati? Siku ya nne, akiwa anapiga pasi, kitu kikampiga teke ndani, chini kidogo ya mbavu. Fundi si mtoto mdogo. Alijua hakuna mimba ya siku nne inayopiga teke. Alijua, akaweka mkono pale pale kungoja teke la pili.

"Wifi," msichana alimwambia siku hiyo, sauti imeshuka, "kichefuchefu kimekata. Ghafla tu. Nilikuwa nakilaani, sasa nakitafuta. Na muuguzi anasema mapigo ya mtoto yanasikika kwa mbali mno. Nirudi keshokutwa." Akamtazama Kachero, aliyekuwa amejikunja miguuni pa Fundi. "Hata huyu ameniacha. Amejua nini, wifi?"

"Mbwa ni mbwa tu," Fundi alisema, na teke la pili likaja.

Kesho yake walikuwa uani wanaanika nguo, wawili tu, jua la saa saba kichwani, waliposikia cherehani inashona chumba cha mbele, si kwa kusitasita kama inavyoguswa na mtoto mtundu, bali kwa mwendo wa mtu mwenye kazi ya haraka, tatata-tata, inasimama kugeuza kona, inaanza tena.

"Nani anashona?" wifi alinong'ona.

"Hakuna mtu."

"Basi ni nani, wifi? Ni nani?"

Walikwenda wameshikana mikono, na kadiri walivyokaribia ndivyo harufu ile ya kuungua ilivyozidi, ikawaingia puani na kooni, mpaka Fundi aliposukuma mlango na cherehani ikanyamaza katikati ya mshono, wakamwona Kachero kwenye kona amejikojolea, na Dada Mkimya uchi, na mto umekaa kitini mbele ya cherehani, wima, umenona kuliko ulivyokuwa, unapanda na kushuka polepole, na ubavuni mwake umeongezewa kiraka kipya cha bluu chenye maua meupe ambacho wote wawili walikitambua, kwa sababu kilikuwa ni kilemba cha wifi, kilichopotea tangu juzi.

Wifi akashika tumbo akaanguka magotini.

Fundi alimlaza kitandani, akakimbia bila viatu mpaka kwa Bibi Sindano. Mwanamke yule alikuwa mzee sasa, macho yamefifia, ulimi haujafifia hata kidogo. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Uliuvaa?"

Fundi akatazama miguu yake isiyo na viatu.

"Nakuuliza, uliuvaa?"

"Niliuvaa, Bibi."

"Na ukaomba."

"Nikaomba."

"Mjinga wewe!" Mzee alishaanza kutafuta fimbo yake. "Mle mna jasho la wanawake arobaini na hofu zao zote. Kuna viumbe wanaopenda kulala mahali pa namna hiyo. Kwa Dada Mkimya watalala miaka mia, hawana pa kwenda. Wewe umewapa kiuno chenye damu, umewapa na kijicho juu yake. Sasa wanahamisha mimba. Kipande kwa kipande, wanamtoa yule, wanakujaza wewe. Na wakimaliza, utakachozaa si cha mtu."

"Nifanye nini?"

"Utaufumua. Kwa mkono wako, mbele ya wifi yako, ukisema ulichosema. Kila uzi. Kila kipande motoni. Ukibakiza kimoja, umebakiza vyote."

Jiko la mkaa likawekwa katikati ya chumba cha kazi. Wifi aliketi ukutani, rangi imemtoka, jasho linamtiririka. Bibi Sindano akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, na Fundi akaupakata mto. Ulikuwa na joto la mwili. Akaingiza ncha ya mkasi kwenye mshono wa kwanza, akasema, macho chini, "Nilisema, mnyang'anyeni yeye."

Wifi akakumbatia tumbo kwa mikono miwili.

Akafumua. Kila uzi ulipokatika, gurudumu la cherehani lilizunguka, na kitu kilichokuwa ndani ya tumbo lake kikajipindua, kikatafuta pa kushika, na mabaki yakatoka ndani ya mto moja baada ya jingine yakiwa yamelowa, la mwalimu, la muuza mboga, la mke wa kinyozi, yakaungua kwa moshi mweusi, na katika ule moshi, karibu kabisa na sikio lake, sauti ndogo isiyo na meno ikamwita, "Mama." Mara moja. Kisha tena, "Mama, mimi nimekuja kwako."

"Usisikilize! Fumua!" Bibi Sindano alipiga fimbo sakafuni.

Alifumua huku analia kwa sauti. Kilibaki kiraka cha bluu chenye maua meupe, kidogo, cha kuenea kiganjani. Kilipiga teke. Teke moja dogo, dhaifu, la kuomba. Na Fundi, aliyengoja miaka tisa, akatupa ganda la mto motoni na kukisukumia kiraka mfukoni mwa aproni.

"Umemaliza?" Mzee hakuona vizuri, akauliza mara mbili. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Harufu ikakata, na kile kitu tumboni mwa Fundi kikatulia. Wifi akavuta pumzi ndefu, kisha akakimbilia nje kutapika, na walipomsikia anatapika wote wakamshukuru Mungu. Kachero akatoka konani, akamfuata.

Usiseme wifi alikuwa na kinyongo. Siku ya pili alikuja mwenyewe, akakaa kwenye rundo la vitambaa. "Ningekuwa mimi, wifi, miaka tisa, ningesema mabaya zaidi," alisema, akamshika mkono. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kukitoa kiraka papo hapo. Alikuwa nacho kwenye droo ya cherehani, na kila saa saba mchana aliifungua kukigusa.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume, kilo tatu na nusu. Fundi alimshonea shali nyeupe, laini, na katika pindo lake, pembeni, akatia kile kiraka. Alijiambia ni kitambaa tu. Alijiambia ni ukumbusho. Alitaka tu awe na kitu chake ndani ya yule mtoto, jamani, kitu kimoja.

Mtoto akakataa ziwa la mama yake. Akilia, analia mpaka anakauka, na wifi anambembeleza, anamwimbia, anamzungusha, wapi! Akipokewa na Fundi tu, kimya. Majirani wakacheka, "Huyu amekosea mlango, mama yake ni fundi." Wifi alicheka nao kwa midomo. Fundi alilijua tabasamu lile, aliliona kwenye kioo miaka tisa.

Siku ya tisa, saa saba mchana, wifi aliingia chumba cha mbele akamkuta Fundi amempakata mtoto nyuma ya cherehani. Kachero alisimama kizingitini, manyoya yamesimama. Akaingia akitambaa, tumbo likiburuta, akafika, akaweka pua kwenye pindo la shali, akaanza kunguruma.

Wifi alimtazama mbwa. Akatazama pindo, mahali palipovimba kidogo.

"Wifi," alisema polepole, mkono unatafuta mkasi mezani, "kuna nini humo?"

"Uzi tu."

"Nipe mwanangu."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ilishaanza kujaa chumbani. Fundi alifungua mdomo aseme chukua, kweli alitaka kusema, lakini mikono yake ikamvuta mtoto kifuani kwa nguvu, na yule mtoto wa siku tisa akainua shingo yake mwenyewe, akageuka, akamtazama mama yake kwa macho ya mtu mzima aliyeulizwa jambo asilotaka kulijibu.

"Mama," akasema, na hakuwa akimwita wifi.