Saa za Uongo Kitabuni

Jumamosi katika nyumba ile ilianza kama siku nyingine zote: kwa kipigo. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea, na jua lilipochomoza alikuwa keshaanza kupiga nyundo uani, akinyoosha nondo za madirisha. Chuma kisipotii alikitukana, kisha akakiongeza kipigo. Watoto wasipotii walipata yao pia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye mkono wake ulifika kabla ya maneno yake.

Kaka, kijana wa miaka ishirini, alirithi mkono huo huo. Binti wa mwisho, mwenye miaka kumi na mbili, alirithi mdomo. Shuleni walimwita Meno, tangu siku alipomng'ata mwenzake wa dawati moja begani mpaka shati likatoboka. Mama, aliyefua mashuka hospitalini, ndiye peke yake ambaye hakumpiga mtu, ingawa mara nyingine alionekana kutamani.

Asubuhi hiyo ugomvi ulikuwa juu ya karatasi iliyokuwa mezani. Kaka alikuwa anajifunza urubani katika kiwanja kidogo cha ndege, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Shule ya pale ilikuwa na ndege mbili, moja mara nyingi ikiwa imefunguliwa injini, na wanafunzi waliruka Jumamosi na Jumapili tu, mvua isiponyesha. Kwa mwendo huo leseni ingechukua miaka miwili. Karatasi ilitoka shule nyingine, katika mji wa mbali. Huko wanafunzi walilala hukohuko, waliruka kila siku, na walimaliza yote kwa miezi minne. Kampuni ya kunyunyizia mashamba dawa ilikuwa tayari kumlipia Kaka ada popote atakapochagua. Wao walitaka rubani, basi.

“Miezi minne,” baba alisema, akigonga karatasi kwa kidole kilichojaa makovu ya moto. “Miezi minne mtu keshakuwa mtu. Hapa miaka miwili! Macho yangu yanaisha kwa moto huu. Nimsubiri mpaka lini?”

“Hapa namwona,” mama alisema. “Na mwalimu wake namjua. Kule ataanguka, mimi nipigiwe simu.”

“Una uchuro, mama watoto.”

“Sina uchuro. Nina akili.”

Kikombe kiliruka. Kilipita karibu na sikio la mama, kikapasuka ukutani, na chai ikachuruzika mpaka chini. Kaka alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Yeye mwenyewe aliitamani shule ya haraka kuliko baba alivyoitamani, lakini kikombe kilikuwa jambo jingine.

“Usimrushie mama vitu!”

“Utanifanya nini, kinda wewe?”

Wakakamatana mashati. Meza ikasukumwa, sahani zikadondoka. Meno aliingia chini ya meza akaanza kuokota vipande vya kikombe, kwa mazoea ya mtu anayefagia kila siku. Juu yake miguu minne ilikuwa inasukumana kama ng'ombe zizini. Aliwaza neno moja tu: Kaka akiondoka, haya yatakwisha.

Mchana Kaka alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya mtungi mtupu wa gesi. Mdomo wa Kaka ulikuwa umevimba. Mkononi alishika kitabu chake cha saa, kile ambamo mwalimu wake huandika kila safari ya angani na kutia saini.

“Shule ya haraka wanataka mtu aende na saa kumi alizokwisha kuruka,” alisema. “Mimi ninazo nne. Natakiwa kuripoti si Jumatatu hii, ile inayofuata.”

“Sasa mimi nifanyeje?”

“Si wewe unayeiga mwandiko wa walimu wote darasani kwenu? Andika sita nyingine, kama alivyoandika mwalimu. Na uandike kwamba nimefanya zoezi la kuangusha pua.”

“Ndiyo nini?”

“Unapunguza mwendo juu huko mpaka mabawa yaache kubeba. Pua ya ndege inaanguka, halafu unaikamata. Zoezi la dakika kumi. Nimelisoma.”

“Umelisoma au umelifanya?”

Kaka aliinua mkono. Meno alifumba macho akasubiri kofi, lakini halikuja.

“Nikiondoka,” Kaka alisema polepole, “mimi na baba hatutapigana tena. Hulitaki hilo?”

Meno alilitaka kuliko kitu chochote duniani. Alichukua kalamu. Alipomaliza, hata yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha mistari yake na ya mwalimu.

Jumamosi iliyofuata Kaka alikwenda kiwanjani kuwaaga wenzake, na Meno akamfuata. Mwalimu alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye mvi, aliyewahi kurusha ndege za mizigo miaka mingi. Alikuwa amesimama kando ya njia ya kurukia, akimtazama mwanafunzi mmoja angani. Mwanafunzi huyo alikuwa muuza nyama, mtu mnene mwenye mizaha mingi, na wote walimwita Bucha. Siku hiyo alikuwa anaruka peke yake kwa mara ya kwanza.

“Bucha leo kawa ndege!” mmoja wa wenzake alicheka. “Akitua, kiwanja kitapasuka.”

Ndege ilikata kona ya mwisho ili itue. Ilikuja polepole. Pua ilikuwa imeinuka mno.

“Shusha pua,” Mwalimu alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele, ingawa Bucha hakuweza kumsikia: “Shusha pua, baba! Usivute!”

Bawa la kushoto lilizama ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi. Ndege ilianguka kutoka kimo cha paa la nyumba. Bawa liligonga ardhi kwanza likapinda, pua ikafuata, na pangaboi la mbele likachimba udongo na kuurusha juu. Mlio wake ulikuwa mlio wa mabati mia yakiburutwa kwa pamoja. Halafu kimya, na baada ya kimya, sauti ya Bucha akilia kama mtoto mchanga.

Mwalimu alikuwa keshaanza kukimbia. Mafuta yalikuwa yanadondoka tii, tii, tii chini ya bawa. Mlango ulikuwa umebana, kwa hiyo alivunja dirisha kwa mtungi wa kuzimia moto, mara mbili, mara tatu, vioo vikamchana mikono. Kaka aliingiza mkono akakata mkanda kwa kisu, na wakamvuta Bucha nje kwa mabega. Taya lake lilikuwa limehamia upande. Damu ilimtoka puani na mdomoni, na mguu mmoja ulielekea kusikoelekea mguu.

“Niliwadanganya,” Bucha alikoroma wakati wakimlaza kwenye majani. “Kuangusha pua. Sikufanya. Niliogopa.”

Ilijulikana palepale. Alikuwa amemwambia Mwalimu kwamba zoezi lile alilifanya na mkufunzi mwingine, yule anayekuja Jumapili. Mwalimu akamwamini kwa mdomo na hakufungua kitabu chake. Gari la wagonjwa lilipoondoka, Mwalimu alibaki amesimama, akipiga ngumi paja lake mwenyewe, tena na tena.

Meno alijificha nyuma ya banda la ndege, akihesabu kwa vidole mistari sita aliyoiandika.

Usiku ule hakula. Asubuhi alimkuta Kaka anafunga begi uani, na baba anamchomelea kitasa cha sanduku huku akipiga mluzi. Kitabu cha saa kilikuwa juu ya nguo.

“Kaka, usiende.”

“Nyamaza.”

“Bucha hakufanya lile zoezi. Na wewe hujafanya.”

Baba aliinua kioo cha usoni. “Zoezi gani hilo?”

“Saa sita za kitabu chake ni za uongo, baba. Niliziandika mimi.”

Kofi la Kaka lilimfikia kabla hajafunga mdomo. Meno alianguka juu ya nondo, akainuka, akamrukia na kumng'ata mkono mpaka akasikia ladha ya damu. Baba akamkamata Kaka shingoni. “Unanidanganya mimi? Ndani ya nyumba yangu?” Akampiga ngumi ya tumbo. Kaka alikunjika, na aliponyooka alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimrudishia baba. Ngumi ilimpata mzee juu ya jicho, akarudi nyuma hatua tatu, kichwa kikagonga nguzo ya geti. Akakaa chini taratibu. Damu ilimshuka hadi kidevuni.

Mama alitoka mbio na kitambaa. “Haya, uaneni!” alipiga kelele. “Uaneni basi niwazike wote siku moja, nipumzike!”

Meno hakusubiri. Alinyakua kile kitabu akatoka mbio.

Alikimbia njia nzima, shavu likimwaka moto, na nyuma yake alisikia viatu vya Kaka. Mwalimu alikuwa ndani ya banda, mikono imefungwa bendeji, akikagua ile ndege ya pili ambayo mafundi walikuwa wameirudishia injini. Wakaguzi walikuwa wamekwisha kuipima na kuiruhusu iruke.

“Mwalimu,” Meno alisema akihema, “kuanzia mstari wa tano ni mwandiko wangu.”

Mwalimu alisoma. Kaka aliingia, ngumi zimekazwa, akamwendea mdogo wake moja kwa moja.

“Mguse,” Mwalimu alisema bila kuinua macho, “hutakanyaga banda hili tena.” Kaka akasimama. Mwalimu alifunga kitabu. “Kumbe zoezi la kuangusha pua unalijua. Mimi mwenyewe nimesaini. Haya, panda. Kanionyeshe.”

Meno aliwatazama kutoka chini. Ndege ilipanda juu sana mpaka ikawa ndogo kama nzi. Mlio wa injini ukapungua, ukapungua zaidi, na kwa muda ndege ilionekana kama imening'inizwa kwa uzi. Kisha pua ikaanguka. Ndege ilijikunja upande mmoja na kuanza kuzunguka ikishuka, mara moja, mara mbili. Meno alijiuma ngumi. Ilipofika mara ya tatu ikanyooka, injini ikanguruma, nayo ikaendelea kama hakuna lililotokea.

Ilipotua, baba na mama walikuwa wamefika. Baba alikuwa na kitambaa kichwani. Kaka alishuka. Alishika bawa akatapika. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama mpya nyekundu juu ya kifundo.

“Nimempiga,” Mwalimu aliwaambia wazazi. “Kwa kurunzi. Pua ilipoanguka aliuvuta usukani kwa nguvu zake zote, na hakutaka kuuachia. Kadiri ndege ilivyozidi kuanguka, ndivyo alivyozidi kuvuta. Ningechelewa kidogo, sote wawili tungekuwa shimoni.”

“Niliona inanishinda,” Kaka alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. “Nikaikaza.”

“Na dawa yake ni kuilegeza,” Mwalimu alisema. “Unasukuma mbele kidogo, unaipa mwendo, inakubeba yenyewe. Ndege haipigwi. Nani alimfundisha kijana huyu kwamba kinachokataa hukabwa?”

 Baba alitazama mikono yake.

“Mimi,” alisema.

Mwalimu alikaa kwenye benchi akampa Kaka maji. “Sasa nisikilizeni, na wewe binti usikilize zaidi. Ile shule ya haraka haina ubaya. Nimefundisha kule miaka mitatu, na imetoa marubani wazuri. Lakini wao huanzia pale kitabu chako kinaposema umefika. Kitabu hiki kingewaambia unajua jambo hili, na wiki ya kwanza wangekupandisha peke yako. Wangefanya kazi yao vizuri kabisa, na ungekufa. Kuchagua shule ni jambo la pili. La kwanza ni kusema kweli kuhusu unachokijua na usichokijua. Mimi pia nina kosa. Jana nilimwamini mtu kwa mdomo wake, na sasa amelazwa, taya limefungwa kwa waya.”

“Nitawaandikia kwamba siji,” Kaka alisema.

“Waandikie kwamba hujawa tayari. Ukimaliza saa kumi za kweli hapa, uamuzi utakuwa wako, na barua nitaandika mimi.”

Baba alisogea mbele. Kaka alirudi nyuma hatua moja, kwa mazoea. Baba aliiona hatua ile, ikamchoma kuliko lile jeraha la kichwa. Alishusha mkono aliokuwa ameuinua ili kumshika bega.

“Kaa hapa hiyo miaka miwili,” alisema. “Na mimi nijifunze kulegeza.”

Meno hakuachwa. Mwalimu alimpa adhabu yake palepale: kila Jumapili, kabla ya ndege yoyote kutoka bandani, atasoma vitabu vyote kwa sauti mbele ya wanafunzi wenyewe na wakufunzi wao, mstari kwa mstari, na jambo lisilo kweli litakatwa kila mtu akisikia. Alianza na cha Kaka. Alikata mistari yake sita kwa kalamu na rula, mmoja mmoja, huku mashavu yakimwaka. Kisha akasoma kilichobaki, na safari ya asubuhi hiyo ikiwemo.

“Saa nne na dakika thelathini na tano.”

“Ni chache,” Mwalimu alimwambia Kaka, akitia saini. “Lakini hizi umeziruka.”